Ndoo ya Chumba cha Sita

Nyumba yetu ya Buguruni ina vyumba saba na shimo moja la taka.
Shimo lilipojaa, Bi Kibibi mwenye nyumba
alininunulia daftari, akanipa cheo:
karani wa taka.
Nikacheka. Kidato cha nne nimemaliza
nije nihesabu maganda?

Zamani tulikuwa tunangoja mvua.
Ikipiga tu, kila mtu na mfuko wake mbio mtaroni:
nenda, nenda kwa wenzako!
Wenzetu wa juu nao walisema hivyo hivyo.
Masika ile maji yalituingilia na nepi ya mtoto tusiyemjua,
kandambili ya kushoto,
na dumu la mafuta la Bi Kibibi mwenyewe,
alilitambua kwa kifuniko.

Basi kila chumba ndoo mbili:
moja ya vinavyooza,
moja ya chupa, makopo, vifuniko.
Chogo wa guta huja Jumatano na Jumamosi,
akija.
Asipolipwa huegesha mlangoni, akapiga mluzi,
akaiacha harufu imdaie.
Chupa anazipeleka kwenye mizani, kule relini.
Maganda anampelekea dada mmoja wa Kigogo
anayefuga funza wa kulisha kuku.
Funza! Tulisonya nyumba nzima.

Nikaanza kuwajua watu upya.
Lubeleje, chumba cha kwanza, anayeapa kodi hana:
mifupa ya kuku, kila wiki,
ndani ya gazeti la michezo, gazeti ndani ya mfuko,
mfuko ndani ya mfuko.
Kuku kazikwa kwa sanda tatu.
Mama Stumai: chicha za nazi
zilizokamuliwa hata nzi anazipita.
Anzuruni na mkewe: wali uliochacha, nusu sufuria,
kila baada ya ugomvi.
Na chupa ndogo bapa, saba, za yule asiyekunywa.
Watu hufunga mlango
wakaacha ndoo nje.

Chumba cha sita anakaa Ruzuna, fundi cherehani,
na wanawe wawili.
Wiki ya kwanza niliandika: vichwa vya dagaa, maganda ya viazi.
Wiki ya pili: maganda ya viazi,
membamba, ukiyainua unaona kidole chako upande wa pili.
Wiki ya tatu: majani ya chai.
Yaleyale, nadhani, yamechemshwa hadi yakapauka.
Wiki ya nne
ndoo ilikuwa kavu.

Bi Kibibi akaiinua juu uani, mbele ya wote:
"Tazameni usafi! Igeni chumba cha sita!"
Anzuruni akapiga makofi.
Ruzuna akatabasamu, macho kwenye vidole vyake.
Mimi nilikuwa nimeshika kalamu.
Kwenye safu yake nilikuwa tayari nimeandika sifuri,
na pembeni, kwa wino mwekundu, *vizuri*.

Usiku ule nilisonga ugali wa watu wanne, nami naishi peke yangu.
Perege wawili, mchuzi mwingi.
Nikabisha hodi. Uongo wangu nilikuwa nimeufanyia mazoezi:
"Shoga, nimezidisha. Nikimwaga, ndoo yangu itafurika,
na mimi ndiye karani. Nisitiri."
Alinitazama muda mrefu.
Kisha akasema, "Haya, tusimwaibishe karani,"
akapokea sahani kwa mikono miwili.

Jumamosi Chogo alikuja, ajabu, mapema.
Chumba cha sita: miiba ya perege,
imelambwa ikang'aa kama sindano zake.
Na chini ya miiba, kitu ambacho sikukipeleka mimi:
mfupa wa paja la kuku,
umeviringishwa kwenye gazeti la michezo.

Sikuandika.
Nilimtazama Lubeleje, alikuwa anapiga mswaki bombani
kwa bidii kubwa, kipara kinameta,
akitema povu upande usio na mtu.